Kigiriki cha Mkulima

Jumatatu, 3 Februari

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya maandalio ya somo. Maandalio yatasubiri. Nisipoandika leo nitamtukana mtu.

Mkufunzi wetu wa Kiingereza, Sylvesta Manirambona, katoa kazi ya mradi. Kila mwanachuo achague neno moja la Kiingereza, afuatilie asili yake na ukoo wake wote: lilizaliwa wapi, likapita kwa nani, likafikaje. Kurasa kumi, kwa mkono, na ataje alikopata habari. Kazi hii ina alama thelathini. Usipofikisha kumi na tano hufanyi mtihani wa Mei, na bila mtihani huo hakuna stashahada. Unafunga sanduku unarudi kwenu. Alipofika kwangu akasimama. "Wewe Ndayikeza, utaliweza hili, au huko Kumsenga mnajua ukoo wa maharage tu?" Darasa zima kicheko.

Yaani Manirambona ndiye wa kuniuliza mimi! Wazee wake na wazee wangu walikimbia Burundi mwaka mmoja, sabini na mbili. Nilipofika chuoni hapa nikaona jina lake mlangoni, nikajisemea, Theodosia, hapa Kasulu una mjomba. Mjomba gani huyu! Angekuwa mtu wa Dar nisingeumia hivi.

Mvua asubuhi. Nguo hazikukauka.

Jumatano, 5 Februari

Mvua. Ugali na maharage. Neno sina.

Alhamisi, 6 Februari

Nimepata neno. Saa moja jioni tulikuwa tunatoka bwaloni, mimi na Jeanne, mwenzangu wa chumba. Mbingu ilikuwa imetakata baada ya siku nne za mawingu. Mara moto ukapita juu yetu, kijani mbele, mweupe nyuma, kutoka upande wa Burundi kuelekea Kibondo, wala haukutoa sauti. Wasichana wa mwaka wa kwanza walipiga kelele, mmoja akaangusha sahani yake.

"Kimondo hicho!" Jeanne akasema.

Kwa Kiingereza ni meteor. Wenzangu wanagombania "school" na "doctor" na "tea". Hili hakuna aliyeligusa, basi ni langu.

Jumamosi, 8 Februari

Mara mbili kwa mwezi naenda na akina mama wa parokia kambini Nyarugusu. Wao wanawatembelea wagonjwa, mimi napanga vitabu kwenye chumba cha kusomea. Kibali kinakaguliwa getini, jina linaandikwa, tunaingia. Chumba chenyewe kina rafu moja, na mlinzi wa rafu hiyo ni mzee Emile, Mkongo wa Kivu ya Kusini. Mzee huyu ana majivuno! Ukirudisha kitabu mgongo chini anakufokea kama umeangusha mtoto.

Leo nilimwuliza tu, kupoteza muda, kama amewahi kusikia neno meteor.

"Météore!" Akaniangalia juu ya miwani. "Nani amekuambia ile ni neno ya Waingereza? Waingereza balichukua kwa Wafaransa. Wafaransa kwa Walatini. Walatini kwa Wagiriki. Waingereza ni bantu ba kuokota tu."

"Wewe umejuaje, mzee?"

"Nimejuaje!" Kachukia kabisa. "Nimesoma ku seminari ndogo miaka sita, Kilatini na Kigiriki. Kisha nikafundisha Kilatini miaka kumi na mbili, mpaka vita. Weye ulifikiri nilizaliwa ku hii hema?"

Miezi minane nimempangia vitabu mtu huyu na sikuwahi kumwuliza alikuwa nani. Hasira nyingine leo ni juu yangu mwenyewe.

Jumatano, 12 Februari

Mvua na upepo. Paa la bweni linavuja juu ya kitanda cha Jeanne. Tumeripoti mara tatu.

Jumamosi, 22 Februari

Somo la kwanza hasa. Emile hafundishi, anagombana. Nikiandika kabla hajamaliza sentensi ananyang'anya kalamu. "Sikiliza kwanza. Weye unaandika kama muntu anakimbia."

Haya ndiyo niliyoondoka nayo. Wagiriki walikuwa na neno la kusema kitu kilicho juu, kinachoning'inia, hakijashika chini. Vitu vyote vya namna hiyo wakaviita kwa wingi, ta meteōra. Kwao mvua ilikuwamo humo, na upepo, umeme, upinde wa mvua, mvua ya mawe, na moto unaopita mbinguni pia. Walatini wakalibeba hivyo hivyo, Wafaransa wakalipokea, na Waingereza walipolichukua, miaka mia tano na zaidi iliyopita, nao wakaliita kila kitu cha angani kwa jina hilo. Wakaligawa: meteor za maji, meteor za upepo, meteor za moto. Ndiyo maana mpaka leo watu wa hali ya hewa jina lao la Kiingereza limetoka humo, ingawa hawashughuliki na vimondo hata kidogo. Baadaye neno likabanwa, likabanwa, likabaki na vimondo tu.

"Na mvua?" nikauliza. "Nani aliitoa mvua kwenye ukoo?"

"Hakuna. Ilisahaulika tu. Bantu benyewe banasahaulika, sembuse mvua."

Jumatatu, 3 Machi

Sylvesta kanisimamisha kwenye ukumbi. "Mradi unaendaje?" Nikasema vizuri. "Usiniletee vya kuokota." Sijui kwa nini kila anachoniambia kinakuwa tusi hata kabla hajamaliza.

Jumamosi, 8 Machi

Somo la mwisho. Emile alikuwa na homa lakini alikataa kulala. Kaligawa neno vipande viwili: meta, katikati, na aēr, hewa. Yaani kilicho katikati ya hewa. Akanipa na matumizi mengine ambayo sijapata kuyasikia popote. Wagiriki walisema neno hilo hilo kwa meli iliyo mbali na nchi kavu, haijatia nanga. Na walilisema kwa mtu ambaye moyo wake umening'inizwa, hajui lake, anasubiri kuambiwa.

"Kama weye?" nikamtania.

Hakucheka. "Andika," akasema.

Jumanne, 11 Machi

Mama kapiga simu kutoka Kumsenga, analia. "Mwana wanje, mawe yameteremka jana mchana. Maharage yote chini. Hata mahindi ya jirani hayana majani."

Nikamwuliza atafanyaje. "Mimi nitajua. Wewe shika chuo. Shamba la kukurudisha hapa halipo tena."

Mvua ya mawe nayo ni meteor, kwa hesabu ya wazee wa Kigiriki. Nimeandika kurasa tatu juu ya uzuri wa neno hilo na leo natamani kuzichana.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekabidhi. Kurasa kumi na moja. Sehemu ya chanzo nimeandika "mahojiano ya ana kwa ana", basi. Jina la Emile sikuliandika kwa sababu ukurasa ulikuwa umeisha na kengele ilikuwa imelia.

Jumatatu, 24 Machi

Nitaandika yote.

Sylvesta karudisha miradi. Ya Jeanne, "school", kapata ishirini na moja. Yangu haikuwamo. Nikanyoosha mkono, nikauliza iko wapi. Akasema mbele ya watu hamsini na nane: "Yako iko kwa Mkuu wa Chuo. Umenakili."

Nikasema sijanakili.

"Kigiriki, Ndayikeza? Kilatini? Nani hapa anajua Kigiriki? Umefungua simu ya Jeanne, umehamisha kila kitu, ukaandika mahojiano ya ana kwa ana. Ulimhoji nani, kimondo chenyewe?"

Kicheko tena. Jeanne akainama. Hakusema kwamba simu yake ilivunjika kioo tangu Januari na iko kwa fundi. Na mimi nina kitochi, hata picha hakipokei! Nikamwambia Sylvesta hivyo, kwa sauti, labda kubwa kupita kiasi. Akasema, "Toka nje, na kelele zako umweleze Mkuu wa Chuo."

Kikao ni tarehe tisa Aprili. Wakinikuta na hatia naondolewa. Si kurudia mwaka. Naondolewa, na barua inatumwa ili hata chuo kingine kisinipokee. Miaka miwili ya mama kulima kwa mkono mmoja, mwingine una jeraha, inaishia kwenye kicheko cha Sylvesta.

Jeanne usiku huu ananiambia, "Shosti, saini tu kwamba umekopi, uombe radhi, wanakupa adhabu ndogo." Nimemwambia asiniongeleshe mpaka kesho.

Jumanne, 25 Machi

Sijamwongelesha na mimi.

Jumamosi, 29 Machi

Si zamu yangu, lakini nilikwenda. Mvua njia nzima. Nilimkuta Emile anaziba tundu la paa kwa karatasi ya nailoni. Nikamweleza yote, nikamwomba kitu kimoja tu: barua. Mistari mitano, jina lake, kwamba yeye ndiye aliyenifundisha.

Alishuka kwenye kiti taratibu. "Hapana."

Nilidhani hajasikia, sikio lake la kushoto halisikii. Nikarudia.

"Nimesikia. Hapana. Na jina yangu usiitaje."

Nikauliza kwa nini. Nikauliza tena. Ya tatu nilipiga kelele, akina mama wa parokia wakachungulia. Ndipo akaniambia.

Mwaka tisini na saba, walipovuka ziwa, kulikuwa na foleni na karani mwenye daftari. Karani aliuliza jina, kijiji, kazi. Foleni nzima ilikuwa inanong'onezana kwamba waliosoma wanawekwa pembeni wakahojiwe, kwamba mwalimu atadhaniwa mwanasiasa na mwanasiasa atarudishwa. Hakuna aliyejua kama ni kweli. Mtu wa mbele yake, daktari wa mifugo, akasema mkulima. Wa mbele ya huyo, mkulima. Emile alipofika mezani akasema mkulima. Kisha likaandikwa kwenye kadi, na kadi ikaingia kwenye dosye, faili lake la kambi, na dosye imekaa hivyo mpaka leo.

"Sasa mutoto wangu Gentille yuko Kanada. Ameniombea nimufuate. Usaili ni Mei tarehe kumi na tano. Banauliza maswali mia, na kila jibu lazima lifanane na la kwanza. Nimeona bantu dosye yao imerudishwa chini kabisa juu ya tarehe ya ndoa. Chuo yako itapiga simu ku ofisi ya kambi: mwalimu wa Kigiriki yuko? Ofisi itafungua dosye: mkulima. Basi. Nimesubiri miaka makumi mbili na munane, nife hapa juu ya kurasa kumi?"

"Kumi na moja," nikasema. Nilikuwa na hasira ya kijinga.

"Nenda, Theodosia."

Nimeenda. Njia nzima nimemchukia. Alijua neno lote, ukoo wote, ila neno moja la kunisaidia hana. Mzee mwoga! Namwandika hapa hivyo na sitafuta.

Jumapili, 30 Machi

Kanisani nilikaa nyuma. Sikuimba.

Jumatano, 2 Aprili

Sylvesta kanikuta bombani nachota maji. Hakuna mtu mwingine. Akasema, "Unadhani nakuchukia."

"Ndiyo, mkufunzi."

"Sikiliza. Wakufunzi hapa tuko kumi na wanne. Mwenye jina kama letu ni mimi peke yangu. Ukinakili wewe, hawatasema Theodosia kanakili. Watasema hawa watu ni wa kughushi, na hata uraia wao huenda walighushi. Nimeyasikia hayo ofisini kwa masikio yangu. Kwa hiyo mtu wetu akikosea nataka nimkamate mimi, kabla yao."

"Na kama hajakosea?"

Akaiangalia ndoo yangu.

"Yaani unanipiga wewe ili wengine wasinipige?"

"Nakubana ili uwe safi."

"Hukuniuliza hata swali moja, mkufunzi. Ungeniita ofisini, ungesema Theodosia, nieleze neno hili. Ningekueleza mpaka kengele ya jioni. Wewe ulichagua kunifanya kichekesho."

Ndoo ilikuwa imejaa, maji yanamwagika, hakuna aliyeyafunga. Akaondoka. Sasa najua anaogopa nini, na bado moyo unanichemka. Kumwelewa hakujanipunguzia hata kijiko.

Jumamosi, 5 Aprili

Leo ilikuwa zamu ya Nyarugusu. Sikwenda. Mvua ya kutwa.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimekaa na kurasa zangu, nakala ya kwanza, nikijiuliza nitasema nini Jumatano. Naweza kusema jina. Ni rahisi kabisa. Jina moja na mimi nabaki chuoni. Yeye ana dosye, mimi nina mama mwenye shamba tupu. Nani kati yetu mwenye haki zaidi? Nimejibu swali hilo mara kumi leo, mara tano hivi, mara tano vile.

Jumatano, 9 Aprili

Saa nne asubuhi, ofisi ya Mkuu wa Chuo, Bwana Anania. Walikuwapo yeye, Sylvesta na mkuu wa taaluma, mama mnene asiyesema sana. Nilisimama. Kiti kilikuwapo lakini hakuna aliyenikaribisha.

Sylvesta akasoma shitaka. Akasoma na sentensi zangu kwa sauti. Kisha akasema, "Zaidi ya hayo, Mkuu, hata alichonakili hakukielewa. Anaandika hapa kwamba nusu ya pili ya neno ni hewa, kwamba maana yake ni kilicho katikati ya hewa. Nimetafuta. Vyanzo vyote nilivyoviona vinasema nusu hiyo ni kitenzi cha kuinua. Maana yake ni kilichoinuliwa juu. Kwa hiyo kakosea msingi wenyewe."

Emile kakosea! Mzee aliyeninyang'anya kalamu, aliyenifokea kwa sababu ya mgongo wa kitabu, kanipa kosa nikaliandika kwa wino. Kwa sekunde chache nilikuwa na hasira na dunia nzima. Halafu kichwa kikafunguka.

"Mkufunzi," nikasema, "vyanzo vyote vinasema kuinua?"

"Vyote."

"Basi mimi nilinakili wapi hewa?"

Akafunua kurasa zangu, akafunua tena.

"Nionyesheni. Kama nilihamisha kutoka kwenye simu, simu ingenipa jibu sahihi. Nionyesheni ukurasa wenye kosa langu. Na ule wa meli iliyo mbali na nchi kavu, na wa mtu aliyening'inizwa moyo, nionyesheni maneno yangu yalipoandikwa nikayaiba. Mkiyapata nafunga sanduku leo, sisubiri barua."

Nilikuwa napiga kelele. Bwana Anania akainua mkono, nikanyamaza. Akachukua simu yake, akaanza kutafuta. Mtandao wa Kasulu mnaujua. Tulikaa pale robo saa, akiandika, akisubiri, akisoma kwa midomo. Mama wa taaluma naye akatafuta kwenye yake. Meli waliiona mahali fulani, imetajwa kwa maneno mengine kabisa. Sentensi zangu hawakuziona. Hewa yangu hawakuiona.

"Hajanakili," mama wa taaluma akasema. Ndiyo sentensi ya kwanza aliyoitoa.

Bwana Anania akaweka simu chini. "Sawa. Lakini hukuzaliwa na Kigiriki. Mahojiano haya ulimhoji nani? Taja chanzo, tumpigie, tumalize."

Jina lilikuwa mdomoni. Kweli kabisa, lilikuwa limefika kwenye meno.

"Mkulima mmoja," nikasema.

"Mkulima?"

"Mkulima wa Nyarugusu."

Bwana Anania alicheka mpaka akavua miwani. "Mkulima anayelima Kigiriki!" Mama wa taaluma naye akacheka, polepole, tumbo likitikisika. "Na anapanda nini, Theodosia? Anapanda meta?" Nilisimama nikaacha wacheke. Nilitaka kuwaambia kwamba anajua kuliko sisi sote humu ndani tukijumlishwa. Ningesema hivyo wangetaka jina.

Uamuzi: sijanakili, shitaka limefutwa. Ila chanzo hakiaminiki, na kuna kosa kwenye msingi. Alama kumi na tano kati ya thelathini. Kumi na tano kamili! Nitafanya mtihani. Hakuna aliyeniomba radhi. Bwana Anania alisema "Haya, kasome," na mimi nikasema asante, eti asante.

Sylvesta peke yake hakucheka. Alinifuata ukumbini, akasimama karibu yangu akiangalia mvua. "Baba yangu naye aliandikwa mkulima," akasema. "Alikuwa karani wa mahakama."

"Kwa hiyo umejua ni mtu wa namna gani."

"Nimejua."

"Na ulinyamaza mle ndani wakicheka."

Sikusubiri jibu, nikaingia mvuani.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimempigia mama. Kapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kuna harusi gani. Jeanne kaninunulia soda. Nimemwongelesha.

Jumamosi, 12 Aprili

Nilimwomba Mama Niyonsaba wa parokia anichukue, ingawa si zamu yangu. Nilikuwa nimekwisha kumsamehe Emile. Nilikuwa nimeandaa hata maneno. Nilijiona mtu mwema sana, nakwenda kumpa mzee habari kwamba nimeshinda na yeye yuko salama.

Alikuwa kwenye chumba chake cha vitabu, anaanika kurasa zilizolowa. Nikamweleza kikao tangu mwanzo. Nilianza na kosa, kwa kuwa niliogopa hilo ndilo litakalomuumiza. Akafumba macho.

"Aeirō," akasema. "Kuinua. Ndiyo, ndiyo. Minaona ukurasa, upande wa kushoto, chini. Nilisahau." Akacheka kwa nguvu, akapiga goti. "Kwa hiyo kosa yangu ndiyo imekuokoa! Professeur wangu angenichapa, na weye umepona!" Sijapata kumwona amefurahi hivyo.

Kisha akauliza, "Na bao, baliuliza nani alikufundisha?"

"Waliuliza."

"Ukasema?"

"Usiwe na wasiwasi, mzee. Jina sikulitaja. Nilisema mkulima mmoja."

Kicheko kikakatika. "Mkulima."

"Ndiyo. Kama ilivyo kwenye dosye."

"Na bao bakasema nini?"

Ningeweza kudanganya. Sikuwaza haraka. "Walicheka."

Emile aliweka chini karatasi aliyokuwa nayo. Akaangalia mikono yake, mikono laini ya mtu wa chaki.

"Miaka makumi mbili na munane niko mkulima," akasema. "Sijapanda hata muhogo moja. Karani ameniandika mkulima. Polisi ya geti, mkulima. Bibi yangu alikufa hapa, balimuandika muke wa mkulima, yeye mwenye alikuwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi wangu pamoja na mie. Nikasema, acha, bale habanijui. Lakini weye unanijua. Mwanafunzi niko naye moja tu ku hii dunia, ni weye. Na umesimama mbele ya walimu, walimu, Theodosia! ukasema mkulima, bakacheka."

Damu ikanipanda. "Si wewe ulinikataza! Ulisema nisitaje jina! Ulisema utakufa hapa! Nimesimama pale nikachekwa kwa ajili yako, nimepewa kumi na tano kwa ajili yako, nikaibana midomo yangu, na sasa unanigeukia?"

"Nilikukataza, ndiyo!" Akapiga meza, kurasa zikaruka. Alikuwa analia na hakujifuta. "Mie naogopa! Muntu mwenye anaogopa atasema nini kingine? Nilikukataza! Lakini nani alikuambia unisikilize?"

Mama Niyonsaba akaja mlangoni, akatuangalia wote wawili, akasema gari linaondoka. Emile alinigeuzia mgongo, akaanza kuokota kurasa sakafuni. Niliinama kumsaidia, akasema niziache.

Nilitembea hadi getini kwenye mvua, mwavuli umefungwa mkononi. Nilikuwa nimekasirika, na kwa mara ya kwanza tangu Februari sikujua nimkasirikie nani.